Kamba za kupandia minara zimekataliwa na sefti, nizifanyie nini? (niko Mtwara)

fundi_mnara_ligula

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Kazi yangu ni minara ya simu, kubadilisha antena, kupaka rangi, kufunga taa za juu, nakaa Ligula hapa Mtwara ila saiti zinanipeleka Masasi, Nanyumbu mpaka Kilwa huko. Sasa kontrakta niliyekuwa nafanya naye amehamisha stoo, katika kupekuapekua zikatoka kamba za zamani kibao ambazo sefti ofisa (msimamizi wa usalama kazini) alishazikataa kitambo, zilikuwa zimelala tu pembeni, akasema mwenye shida nazo abebe la sivyo zinaenda dampo. Nikabeba mimi, maana roho iliniuma kuona kamba za bei ile zinatupwa.

Ziko hivi. Kuna rola nne za ile nyeupe yenye uzi mwekundu, milimita 11, isiyovutika sana, ile tunayotelemkia, kila moja ilinunuliwa mita 200 ila zingine zimeshakatwakatwa. Af kuna mbili za rangi, moja bluu moja kijani, milimita 10, mita 60 kila moja, hizi zinavutika, ni zile za watu wanaopanda majabali, sijui zilifikaje stoo ya minara. Kwa macho nyingi ziko safi kabisa, chache ndo zimeota manyoya.

Toka zifike nyumbani ni foleni mlangoni. Binamu yangu ni mkwezi wa Msangamkuu anataka ya kupandia minazi. Jamaa wa Feri anataka ya nanga. Mama anataka ya kuanikia nguo, jirani ana mbuzi, kuna mmoja ana Fuso yeye anataka zote kwa pamoja. Na mimi mwenyewe nilikuwa nawaza kama kuna mtu ananunua kwa kilo za kwenda kurisaiko kama wanavyonunua chupa, maana kwa hesabu zangu mzigo wote haupungui kilo 50.

Nani nimpe na nani nimnyime, na kama kuna njia ya kuzirejeleza huku kwetu mnijuze. Kuchoma sitaki, nilijaribu kipande kidogo nyuma ya nyumba moshi wake ulitufukuza wote.

njomba_mikindani

Njomba nipe mimi hiyo ya bluu nifunge hamoki chini ya mwembe, hao wengine mtajuana huko mbele 😂

karabina_mstaafu

Fundi kabla hujampa mtu yeyote chukua kisu. Nasema kweli kabisa.

Nimefanya kazi za kuning'inia na kamba muda mrefu, matangi, maghorofa ya Dar, minara pia, na kwenye timu zilizokuwa makini kamba iliyokataliwa kwa ajili ya watu haikutoka getini ikiwa nzima. Ilikatwa vipande vifupi pale pale mbele ya sefti, watu wanaona. Siyo roho mbaya. Ni kwamba kamba ikiwa ndefu na inang'aa haiko mikononi mwako tena, leo unampa jirani wa mbuzi, mwakani jirani anauza mbuzi na kamba juu, mwaka unaofuata unasikia imeshusha fundi kisimani na aliyekuwa ameishika juu hajui hata ilitoka wapi. Kontrakta wako alitakiwa azikate yeye, hilo ni kosa la stoo sio lako, ila sasa ziko kwako.

Hapo uliposema kwa macho ziko safi ndo penye shida. Hizi kamba zimejengwa mara mbili, kuna ganda la nje lililosukwa na kuna moyo wa ndani, nyuzi nyingi ndefu zinazokwenda kwa urefu bila kukatika. Muundo huu waliuleta kampuni ya Edelrid ya Ujerumani mwaka 1953 na mpaka leo ndo huo huo. Mzigo mkubwa unabebwa na moyo, ganda kazi yake kubwa ni kulinda. Kwa hiyo wewe unapotazama unaona ganda tu, moyo huuoni.

Na zilikuwa zinalala wapi? Naomba unijibu hili. Kama zililala kwenye shelta (kile kibanda cha mitambo) ya mnara, sakafuni, karibu na betri za akiba, basi mimi nisingezigusa hata kwa kuvutia jiwe juu ya kichwa cha mtu. Betri zile nyingi ni za asidi, na asidi ya betri inaila nailoni vibaya sana, inaweza isiache doa, kamba inabaki na rangi yake vile vile halafu siku ya siku inakatika kwa uzito ambao jana iliubeba. Jua nalo linaichosha, chumvi na mchanga unaingia ndani ya ganda unasaga nyuzi taratibu. Hata ambayo haijawahi kutumika kabisa watengenezaji wengi wanasema mwisho miaka 10 toka itengenezwe.

Ukitaka kujua umri wake kata ncha ya ile nyeupe, fungua ganda, tafuta katikati ya nyuzi kuna utepe mwembamba sana wa plastiki umepita kwa urefu wote wa kamba. Uvute taratibu. Umeandikwa jina la kiwanda, namba ya kiwango ambayo ni EN 1891, mwaka wa kutengenezwa na malighafi. Ukiona PA ujue ni poliamaidi, yaani nailoni. Af pitisha kamba yote kwenye vidole ukiipinda, pale inapojikunja kona kali au unahisi pamelegea ndani, moyo wa hapo umekufa.

Binamu hapana. Nitarudi kwa hili naona litaleta maneno.

nahodha_wa_feri

Asalaam aleikum. Huyo bwana hapo juu kasema vizuri ila kwenye kukata vipande vifupi atuache kidogo, amari (kamba ya nanga) fupi siyo amari. Maji ya pima nne nahitaji kamba mara tano ya hapo ndo nanga ilale vizuri ishike, sasa ukinikatia vipande vya mita mbili mbili nivifunge mafundo kama tasbihi? Fundo moja linapunguza nguvu ya kamba, mafundo kumi si utani huo.

Fundi sikiliza mwanangu. Ile inayovutika, ya bluu na ya kijani, ndo nzuri kwa nanga kuliko zote ulizonazo. Chombo kikipigwa na wimbi kamba inavutika kwanza ndo inakaza, kwa hiyo nanga haichomolewi na kile kipande cha mbao pale mbele ya mashua hakipasuki. Ya pili, nailoni inazama. Hizi kamba za plastiki za dukani zinazoelea ukilegeza kidogo inakaa juu ya maji, anapita mwenye boti ya mashine inaingia kwenye feni yake, mnaanza kutukanana alfajiri. Nailoni inakwenda chini.

Lakini kwa jarari, kamba ya kupandishia tanga, usiitumie. Kuna vijana walifunga kamba ya namna hii kwenye jarari, foromali (mti unaobeba tanga) imepanda vizuri, upepo ukashika, kamba ikavutika, tanga likashuka limelegea tumbo limening'inia, wakawa wanakaza kila baada ya muda mfupi. Kwenye demani, kamba ya kuvutia tanga, hivyo hivyo, unataka kamba isiyovutika. Hiyo nyeupe ingefaa kidogo ila inateleza mkononi.

Kuhusu usalama wa mtu mimi napendekeza ipakwe rangi. Chukua rangi ya mafuta nyekundu, paka kipande cha mkono mzima kila baada ya hatua mbili tatu, ncha zote mbili zichovye. Aliye na akili akiiona kisimani au kwenye mnazi atauliza. Na mimi kwa nanga sihitaji iwe nzuri sura.

Pale inapogusa ukingo wa chombo ivishe kipande cha mpira wa maji uliochakaa, na upande wa nanga weka mnyororo walau mita moja mbili maana miamba ya huku, hasa ukitoka kuelekea Msimbati, inakata ganda siku moja tu. Ukishamaliza usiiache baharini wiki nzima, ipandishe, isuuze maji baridi yasiyo chumvi. Ikikaukia na chumvi inakakamaa kama papa mkavu, huwezi hata kuikunja.

Na jicho la kusuka kama tunavyosuka kamba ya nyuzi tatu kwenye hii haliwezekani, usihangaike, funga fundo zuri uache mkia mrefu.

mwana_wa_mnazi

Mimi ni mkwezi, sio binamu yake ila nakwea Kitunda na Mitwero huku Lindi. Naomba niulize huyu karabina swali moja tu bila hasira. Sasa hivi mimi nakwea na kitanzi cha miguuni cha kamba ya makumbi niliyosokota mwenyewe, na siku nikiwa na mnazi mrefu nazungusha na ya kiunoni ambayo ni kamba ya katani ya kufungia magunia. Wewe unaniambia nailoni ya mnara, ambayo hata ikiwa imechoka nusu bado ina nguvu kuliko katani yangu, nisiitumie kwa usalama wangu. Kwa hiyo usalama ni niendelee na katani? Nyie wa saiti mna hanesi (mikanda ya mwilini), mna kofia, mna sefti ofisa wa kukataa kamba. Sisi nani atatukatalia? Kwa dafu la mia ngapi?

karabina_mstaafu

@mwana_wa_mnazi swali lako la haki kabisa na sitakujibu kiofisi.

Kitanzi cha miguuni mimi sina neno nacho. Pale miguu inashikana tu, mikono yako ndo imekumbatia mnazi, kikikatika utateleza utachubuka lakini mikono ipo. Kwa kitanzi cha miguu chukua kipande kwa huyu fundi tena chagua kile chenye manyoya maana kinakamata gome vizuri kuliko kilicholaini. Ila angalia mnazi ukiwa umelowa, nailoni inateleza kuliko makumbi, usije ukaizoea kiangazi halafu masika ikakugeuka.

Cha kiunoni ndo nabisha. Cha kiunoni ukiachia mikono kukata madafu wewe wote umekaa juu yake. Kamba yako ya katani wewe mwenyewe umeisokota au umeinunua, unaijua, ikioza unaona rangi, unasikia harufu, nyuzi zinachomoka unazihesabu. Unaiacha kabla haijakuacha. Hii ya mnara hujui imepita wapi, na kama imeonja asidi haikupi dalili yoyote. Mtu mwenye kamba mbovu inayoonekana mbovu anakuwa mwangalifu. Mwenye kamba mbovu inayong'aa anaachia mikono yote miwili na kuegemea.

Halafu hiyo nyeupe haikutengenezwa kupokea kishindo cha mtu anayedondoka. Inashusha mtu taratibu, inambeba akiwa amening'inia. Ukidondoka mita mbili ukakamatwa nayo ghafla, mgongo wako ndo utakaovutika.

Wakwezi watatu wanne mkichanga mnaweza kununua mpya mita chache tu, mtu mmoja hahitaji mita 60, kiunoni mita tatu zinatosha. Najua hela ndo hiyo hiyo. Lakini ndo jibu langu, siwezi kukwambia jingine nikalala.

mwana_wa_mnazi

Sawa nimekuelewa ya kiunoni. Ila wewe njoo ukwee mmoja na katani ndo tuongee vizuri 😅

Fundi nitumie ujumbe, nataka cha miguuni chenye manyoya.

bi_mwani

Hamjambo. Nimeona mtu hajataja mwani na najua swali litakuja, mimi nalima huku Kilwa. Kamba za milimita 11 hazitufai shambani. Tunatumia kamba nyembamba tunavuta kati ya vigingi, juu yake tunafunga mbegu kwa vikamba vidogo, taitai. Hiyo ya mnara ni nzito, ikinywa maji na uchafu inalala chini kwenye mchanga.

Kuna mwenzetu alipata kamba za namna hii akafungua moyo wa ndani, ule una nyuzi nyeupe laini nzuri mno, akasema hizi ndo taitai za bure. Zilifumuka zote. Nyuzi zile zikilegea hazina mwisho, zikaingia kwenye mwani, ukianika ndo unaziona zimejisokota humo, na mnunuzi akikuta nyuzi za plastiki kwenye kiroba anakurudishia au anakata bei. Na zinazochomoka zinabaki baharini hizo, hazielei hata uziokote.

Sisi mtupe za kufungia mtumbwi na mikono ya viroba. Kiroba cha mwani mbichi kinakata viganja, ukikifunga kipande cha ile kamba laini ya rangi unabeba bila maumivu. Vipande vya nusu mita tu, hata hivyo vyenu vya kukatakata vinatosha.

fuso_la_newala

Huyo mwenye Fuso anayetaka zote siyo mimi ila naomba nimtetee na nimuonye pia. Msimu wa korosho unapiga trip za magunia kutoka vijijini kuja ghala kuu, kamba ni nyingi. Ile nyeupe isiyovutika inafunga mzigo safi, inakaza vizuri, haiozi. Ile ya bluu usithubutu. Unakaza mpaka inalia, unaondoka, kila tuta inavutika kidogo kidogo, ukija kusimama magunia ya juu yameshahama upande. Na ukikaza zaidi ikaachia ghafla inarudi na fundo lake usoni kwa kondakta.

Af jingine ambalo watu wa korosho watanielewa, usifungie mdomo wa gunia kwa nyuzi za hiyo kamba. Korosho zinapakiwa kwenye magunia ya juti kwa sababu hiyo hiyo, nyuzi za plastiki zikiingia kwenye korosho ni balaa kwa mnunuzi, haziliwi. Mdomo shona na uzi wa katani au juti. Kamba ya nailoni ibaki nje juu ya turubai.

taka_mali_lindi

Kuhusu kuuza kwa kilo nikupe ukweli kaka, nimo kwenye kununua chupa na ndoo mbovu hapa Lindi. Hakuna anayenunua kamba ya nailoni huku na nikikuona umeichanganya kwenye gunia la ndoo tutagombana. Ndoo na madumu ni plastiki inayoyeyuka kwa moto mdogo, kwenye nyuzi joto 130 hadi 170 hivi tayari ni uji. Nailoni mpaka uvuke nyuzi 220, nyingine 260. Kwa hiyo kwenye mashine plastiki ya ndoo imeshayeyuka, vipande vya kamba bado viko vile vile vinaziba chujio. Mzigo mzima unaharibika kwa kamba moja.

Ulaya wanazirejeleza. Kuna kampuni ya Italia inaitwa Aquafil, kiwanda chao kiko Ljubljana kule Slovenia, toka 2011 wanatoa uzi unaoitwa Econyl kwa kutumia nyavu chakavu za uvuvi na mazulia. Wanachofanya ni kuivunja nailoni mpaka irudi kwenye kemikali yake ya mwanzo, inaitwa kaprolaktamu, halafu wanaitengeneza upya, inatoka nailoni mpya kabisa sio ya daraja la pili. Hii inakubali kwenye nailoni 6. Nailoni 6.6 ni ndugu yake ila haivunjiki kwa njia hiyo hiyo, lazima zitenganishwe. Mammut wa Uswisi nao walikusanya kamba chakavu za wapanda milima wakatengenezea fulana. Sasa wewe na kilo zako 50 Mtwara, nauli ya kuzifikisha huko inazidi thamani yake mara nyingi. Labda ingekuwa kuna mtu anakusanya nyavu chakavu za pwani nzima kuanzia Msimbati mpaka Mafia akajaza kontena, hapo kamba zako zingepanda lifti. Sijamsikia mtu huyo bado.

Kuchoma umefanya vizuri kuacha. Nailoni ina naitrojeni ndani yake, ikiungua vibaya moshi unaweza kuwa na sianidi, sio wa kuuvuta na watoto nyumbani.

Na kwa wale ambao mna kamba hamjui ni ya nini, kata kipande, kitie kwenye ndoo ya maji, kikamue kikiwa ndani ya maji mpaka mapovu yaishe maana hewa inadanganya. Kikirudi juu ni plastiki ya kawaida ya dukani. Kikizama kinaweza kuwa nailoni au poliesta.

bibi_zulia

Nyote mnaongea nanga na malori, mimi nawaambia vile vipande vifupi ndo mali. Nasuka vizulia vya mlangoni hapa Mikindani, nilianza na kamba za meli chakavu ila zile ni ngumu zinaumiza vidole. Hii ya kupandia ni laini, haiozi ikilowa, mchanga unakung'utwa unatoka wote.

Kwanza zifue. Loweka kwenye beseni na sabuni ya kawaida, usitie jiki, zisugue, utaona maji meusi mpaka mara ya tatu ndo yanakuwa na afadhali. Anika kivulini. Zitapungua urefu kidogo na kukaza, ni kawaida. Kisha unazungusha kipande kirefu chini kama unachora mduara, unaushona kwa uzi wa moyo wa kamba ile ile, kwa sindano ya kushonea magunia. Mzunguko wa kwanza ndo mgumu, ukikaza sana zulia linainuka katikati linakuwa bakuli, kwa hiyo acha lilale lenyewe mezani usilivute.

Kukata ndo kuna hatari. Ukikata na kisu baridi ganda linafumuka na moyo unarudi ndani, una ganda tupu mkononi. Zungushia selotepu kwanza, kata juu ya selotepu, halafu yeyusha ncha kwa mshumaa. Tone la nailoni likikuangukia kidoleni halifutiki, linaganda na kuendelea kuunguza, weka ndoo ya maji pembeni, na ufanyie nje sio jikoni. Ukishayeyusha bonyeza ncha kwenye bati sio kwa vidole.

Mita 15 hivi ya milimita 11 inatoa kizulia cha kutosha mlango wa kawaida. Fundi vile vilivyokatwakatwa nitakuja kuvichukua, nakusukia mama kimoja.

dokta_mbuzi

Kifupi tu. Mbuzi mfunge na hiyo nyeupe ila ncha ziyeyushwe na manyoya yakatwe. Mbuzi anatafuna kila kitu, nyuzi za nailoni haziyeyuki tumboni, zinajikusanya zinaziba, mbuzi anavimba anaacha kula na mwenye mbuzi anasema karogwa. Ikishaanza kufumuka badilisha. Shingoni weka mkanda mpana, kamba nyembamba inachuna.

fundi_mnara_ligula

Asanteni sana, sikutegemea majibu haya yote. Nahodha shikamoo.

@karabina_mstaafu zile nyeupe, mbili zilikuwa zinalala kwenye shelta, tena juu ya boksi la betri kabisa, nimeuliza jamaa wa zamani wa saiti akathibitisha. Nyingine mbili zilikuwa stoo ya mjini. Nimekata ncha kama ulivyosema, utepe upo kweli, mwembamba mpaka nilidhani ni uzi, nimesomea tochi ya simu, mbili zinasema 2011 moja 2013 zote PA, ya nne maandishi yamefutika. Kwa hiyo hata bila betri zimeshapitiliza. Kwenye moja ya zile za juu ya betri nimepata sehemu ukiipinda inakaa kona, nikafungua ganda, nyuzi za ndani zinakatika kwa kuvuta na vidole, na nje ilikuwa nyeupee haina kitu. Nilikuwa nimekaa nikasimama.

Hizo mbili za betri nimeshazikata zote na binamu alikuwepo, nikampa ule moyo auvute mwenyewe. Amenuna ila hajaomba tena. Vipande ni vya bibi, aje na gunia maana ni vingi, ila bibi vioshe sana kwanza na vaa glavu kwa ajili ya hiyo asidi, au nivioshe mimi kabla?

Mbili za stoo ya mjini nitazikata urefu wa kufungia mzigo, mita 12 hivi, nazipaka rangi nyekundu ncha na katikati, nampa mwenye Fuso na ya mbuzi na ya mama ya nguo. Ya bluu na ya kijani ndo za nanga. Nahodha hizo nilitaka kuziuza kidogo nipate hela ya rangi.

bibi_zulia

Vioshe wewe mwanangu, maji mengi ya bomba, halafu nikija nitarudia. Vya betri nitaweka vizulia vya nje tu sio vya kuswalia.

karabina_mstaafu

Maji mengi mara kadhaa, na hizo nyuzi zilizokatika zenyewe kwa vidole usimpe bibi, zitakuwa zinamwagika vumbi kila siku. Hizo zitie kwenye kiroba ufunge zende dampo, hakuna namna. Na unazofungia mzigo mwambie mwenye Fuso asimpandishe kijana juu ya magunia akiwa amejifunga nazo, wanapenda sana hiyo.

fuso_la_newala

Hapo umetusema wote mkuu 🤐

nahodha_wa_feri

Marahaba mwanangu. Ya bluu na ya kijani usimuonyeshe mtu mwingine, kesho baada ya magharibi nitakuwa pale Feri wanaposhushia samaki, uliza nahodha wa mashua yenye tanga la viraka utaonyeshwa. Rangi ninayo nyumbani robo kopo imebaki, kwa hiyo toa bei ya kamba bila rangi.

njomba_mikindani

Na hamoki yangu je?

nahodha_wa_feri

Chukua moja ya vipande vya mbuzi.